Misa Tisa za Alfajiri



Wapendwa, tunaposherehekea yubilei ya kwaya yetu, naomba niwasimulie habari za waimbaji wa mbali ambao historia yao inatuhusu.

Nchini Ufilipino, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, Wakatoliki huamka gizani kwenda Misa. Kengele hulia, na kufikia saa kumi alfajiri kanisa limejaa. Novena hiyo huitwa Simbang Gabi, yaani ibada ya usiku. Siku tisa hizo hukumbusha miezi tisa ya Mama Maria kumbeba Mwokozi.

Desturi hii ililetwa na wamisionari Wahispania. Huko Meksiko, ambako ilianza mapema, waumini walizidi nafasi ya kanisa hata ruhusa ikaombwa kwa Papa Sisto V (1585–1590) ili Misa iadhimishwe nje. Ufilipino ilikuwa nchi ya wakulima walioingia shambani kabla ya jua kuchomoza. Mapadre hawakuwaambia waache jembe. Waliitanguliza Misa, kisha watu wakaenda kazini.

Walimu wa kwaya watapenda kujua kwamba, ingawa Majilio ni kipindi cha zambarau, kwa ruhusa maalumu Misa hizo huadhimishwa kwa mavazi meupe, na Utukufu huimbwa. Baada ya Misa watu hununua bibingka, mkate wa unga wa mchele unaookwa kwa makaa juu na chini. Mwaka 1972 sheria ya kijeshi ilipoleta kafyu, baadhi ya parokia zilihamishia Misa jioni. Saa ilibadilika, novena ikaendelea.

Nasi je? Misa yetu ya asubuhi huimbwa na kina mama wawili wa benchi la mbele, bila kinanda. Sisi wenye sare huonekana Jumapili. Mimi ndiye ninayetunza daftari la mahudhurio, na ukurasa wa Desemba huwa mweupe kila mwaka. Wengine tumesafiri ushago, lakini wengine tumelala tu.

Napendekeza kwamba Desemba hii, kuanzia tarehe 16, tugawane asubuhi tisa: sauti ya kwanza, ya pili, teno na besi kwa zamu. Atakayefika aimbe, kisha aende kazini. Daftari liko wazi. Jina langu nimeliandika la kwanza, ili nikikosa mniulize.

Katibu wa Kwaya