Ujiundaji wa Protini na Peptidi: Kutoka Virusi vya Tumbaku hadi Jeli ya Kuzuia Damu, 1935–2006

Insha hii inachunguza namna dhana ya ujiundaji, yaani uwezo wa molekuli kujipanga zenyewe na kuwa umbo kamili pasipo kiolezo cha nje, ilivyoingia katika tiba. Hoja yake kuu ni kwamba dhana hiyo haikuzaliwa na mahitaji ya hospitali, bali iliibuka katika maabara zilizokuwa zikitafuta majibu ya maswali mengine.

Mwaka 1935 Wendell Stanley, nchini Marekani, alipata fuwele za virusi vya ugonjwa wa batobato wa tumbaku, akaviona kuwa ni protini. Mwaka uliofuata Frederick Bawden na Norman Pirie, nchini Uingereza, walionyesha pamoja na wenzao kwamba ndani yake mna RNA pia. Swali likabaki: sehemu hizo mbili hushikamanaje? Mwaka 1955 Heinz Fraenkel-Conrat na Robley Williams, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizitenganisha, kisha wakazichanganya tena. Virusi vyenye umbo la vijiti vikajiunda upya, vikaweza kuambukiza mimea. Kila kijiti kina vipande vipatavyo 2,130 vya protini ya aina moja, vilivyoizunguka RNA mithili ya ngazi ya mzunguko. Ilidhihirika kwamba maelekezo ya ujenzi yamo ndani ya vijenzi vyenyewe.

Hatua ya pili ilitokana na hamira. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shuguang Zhang, akifanya kazi pamoja na Alexander Rich katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, alichunguza zuotini, protini ya hamira inayoshikamana na DNA iliyosokotwa kuelekea kushoto. Ndani ya protini hiyo mlikuwa na mfuatano wa asidi amino uliojirudia, wenye chaji chanya na hasi kwa zamu. Peptidi ya asidi amino 16 iliyotengenezwa kwa kuufuata mfuatano huo ilipotiwa katika maji yenye chumvi, ilifanya utando unaoonekana kwa macho. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1993.

Baadaye ilibainika kwamba seli hujishikiza kwenye utando huo na kukua. Peptidi ya jamii hiyo, RADA16, hufanya jeli ambayo zaidi ya asilimia 99 yake ni maji. Mwaka 2006 Rutledge Ellis-Behnke na wenzake waliripoti kwamba, katika wanyama wa maabara, myeyusho wa peptidi hiyo ulisimamisha damu katika muda wa sekunde 15 hivi.

Hata hivyo, historia hii haikamiliki bila upande wake wa pili. Peptidi hizo hujipanga katika tabaka za beta, mpangilio unaopatikana pia katika nyuzi za amiloidi zinazohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Tabia ileile ya molekuli inaweza kuwa tiba au maradhi, kutegemea mfuatano, mahali na muda inaodumu mwilini. Kwa hiyo, usalama wa kila peptidi hauna budi kuthibitishwa peke yake. Wepesi wa kujiunda si ushahidi wa kutodhuru.