Sheria zilizopita juu ya mashamba ya Dundori

Mkulima wa Dundori, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, anayeuza nusu ekari ya shamba la viazi hawezi kumalizana na mnunuzi kwa wakili tu. Lazima wafike mbele ya bodi ya ardhi, ambayo kwa kawaida huongozwa na naibu kamishna wa kaunti. Mke huulizwa hadharani kama amekubali, na mara nyingi watoto waliokomaa huulizwa pia. Sheria ya 1967 inasema kibali cha bodi hiyo kiombwe ndani ya miezi 6, la sivyo mapatano ni bure. Hata hivyo, mwaka 2014 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba muuzaji aliyepokea pesa na kumwacha mnunuzi aingie shambani anaweza kuhesabiwa kuwa anaishikilia ardhi hiyo kwa niaba ya mnunuzi. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani maskini ndiye hukosa kibali.

Sheria hizi zimekuja juu ya machungu ya zamani. Makubaliano ya 1904 yaliwaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa la kati, na ya 1911 yakawang'oa Laikipia. Mmaasai Ole Njogo na wenzake walishtaki. Mwaka 1913 mahakama ikawajibu kwamba makubaliano hayo yalikuwa mkataba baina ya mataifa mawili, kwa hiyo haina mamlaka ya kuyasikiliza. Waliotawaliwa waligeuzwa taifa la kigeni siku ile tu walipodai haki! Sheria ya 1915 ikawapa walowezi ukodishaji wa miaka 999, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaamua kwamba Mwafrika alikaa kwenye ardhi yake kwa hiari ya Mfalme wa Uingereza.

Miaka michache kabla ya hayo Japani, nayo ikikabiliwa na mataifa ya Magharibi, ilichota sheria za Ujerumani na Ufaransa, lakini walioandika Kanuni ya Madai iliyoanza kutumika 1898 walikuwa Wajapani wenyewe. Kwetu hakuna aliyeulizwa. Hadi leo sheria yetu inataja 12 Agosti 1897 kuwa siku ambayo sheria za Uingereza zinahesabiwa kutoka, na sheria ya India ya 1882 ya uhamishaji wa mali ilitumika nchini mpaka 2012.

Katiba ya 2010 imebadilisha mengi: mgeni hawezi kukodi ardhi zaidi ya miaka 99, ubaguzi wa kijinsia katika umiliki umekatazwa, na migogoro ya ardhi imepewa mahakama yake, inayoketi pia Nakuru.

Kilichobaki ni deni la kampuni za kununua mashamba, zilizochanga pesa za wananchi baada ya uhuru ili kununua mashamba ya walowezi. Kaunti hii ina familia ambazo wazazi walilipa, wakapimiwa, wakajenga na kuzikwa hapo, lakini warithi bado wana cheti cha shea bila hatimiliki.