Teke la hendeli: mkono wa babu na cheche iliyowahi

Wadau, samahani kwa ukimya. Nilikuwa BTP nyumbani Sumbawanga, na ninyi mnaonitania kila siku kwamba nimekwenda kuongeza dawa, niwape taarifa tu: radi nimeziacha kule kule. Nilichorudi nacho ni habari ya cheche ndogo kabisa, ya kwenye plagi.

Mkono wa kulia wa babu yangu umepinda juu kidogo ya kiganja. Toka nikiwa mdogo najua alivunjwa na lori, na kila mtu pale nyumbani anaisimulia kwa namna yake. Alikuwa utingo mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye lori la petroli lililokuwa likibeba mahindi kutoka Sumbawanga kwenda Tunduma na Mbeya. Asubuhi moja betri ikawa imekufa, babu akachomeka hendeli mbele ya injini, akazungusha. Hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu, mfupa ukaenda. Mwajiri akasema huyu hajui kushika hendeli, akampa hela ya siku alizofanya kazi na safari ikawa imeishia hapo. Mtaani wakasema kachezewa. Babu mwenyewe husema "lori lilinipiga teke", halafu anacheka, lakini ukikaa naye jioni utamsikia akisema na yeye alikuwa mzembe. Zaidi ya miaka hamsini anasema hivyo!

Mimi ni mtu wa Historia na Jiografia, fizikia tuliagana kidato cha pili. Ila nina rafiki wa Fizikia na Hisabati tunayepiga naye msuli pale kwenye vimbweta. Nilipomsimulia aliniuliza swali moja tu: "Hilo lori lilikuwa linagonga likipanda mlima?" Nikampigia babu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu, umekula?"

Nikamuuliza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema ndiyo. Siku tatu kabla, fundi alilishika kwa sababu lilikuwa halina nguvu mlimani. Baada ya pale likawa na nguvu, lakini likipanda linagonga kwa ndani kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Basi, tangu siku hiyo semina zangu zimelala, nasoma habari za cheche.

Kisa chenyewe ni hiki. Petroli ndani ya silinda hailipuki yote kwa mara moja. Inaungua, na kuungua kunachukua muda, mfupi sana, lakini ni muda. Pistoni inapanda ikibana mchanganyiko wa hewa na petroli, na unataka msukumo mkubwa uje wakati pistoni imeshaanza kushuka. Kwa hiyo cheche lazima iwahi, iwake kabla pistoni haijafika juu. Iwahi kiasi gani? Tuseme moto unahitaji sehemu tatu za elfu moja ya sekunde. Injini ikizunguka mara 600 kwa dakika, katika muda huo shafti inazunguka kama digrii 11 (digrii za duara, siyo hizi tunazohangaikia hapa). Ikizunguka mara 1,800, ni digrii 32. Na mtu akipiga hendeli, mzunguko mmoja kwa sekunde, ni digrii moja tu, karibu sawa na sifuri. Cheche ikiwahi sana wakati unazungusha kwa mkono, pistoni inakuwa bado inapanda, moto unaisukuma irudi ilikotoka, shafti inageuka kinyume na hendeli inakuja na mkono wako.

Waliobuni injini za mwanzo walihangaika na jambo hili muda mrefu. Étienne Lenoir, Paris mwaka 1860, alitumia koili na cheche, lakini injini yake haikubana mchanganyiko. Nikolaus Otto mwaka 1876 akaja na injini ya mapigo manne inayobana, ila aliiwasha kwa mwali wa moto uliokuwa ukifunguliwa na kufungwa na kijilango cha kuteleza. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach wakaleta kibomba kilichopashwa moto mpaka kikawa chekundu: mchanganyiko ukibanwa ukaingia humo unawaka. Rahisi, lakini nani anapanga saa? Hakuna. Kibomba kinawasha kinapojisikia. Karl Benz, aliyeomba hati ya ubunifu wa gari lake Januari 1886, alitumia betri na koili, na betri za siku zile zilikuwa zinaisha njiani kama bumu letu.

Kijerumani kingine kikaja kutoka Stuttgart. Robert Bosch alitengeneza magneto yake ya kwanza mwaka 1887 kwa injini ya kusimama: sumaku na waya vinavyojitengenezea umeme injini inapozunguka, betri huhitaji. Mwaka 1897 karakana yake ikaifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya De Dion-Bouton, yenye injini ya mbio, na mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akakamilisha magneto ya umeme mkali pamoja na plagi.

Sasa hapa Rukwa tunaingia. Nilipokuwa nafundisha Vita Kuu ya Kwanza kidato cha tatu, kijana mmoja wa kutoka Kasanga alisema kwao kuna boma la Wajerumani, enzi hizo pakiitwa Bismarckburg. Ni kweli. Mwaka 1915 Waingereza walileta Ziwa Tanganyika boti mbili za mbao, Mimi na Toutou, futi 40 kila moja, zenye injini mbili za petroli za nguvu farasi 100 kila moja. Zilitoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda treni, zikavutwa porini Kongo na mashine za mvuke pamoja na ng'ombe, na Desemba zikawa majini. Wajerumani ziwani walikuwa na meli za mvuke za polepole. Kingani ilikamatwa tarehe 26 Desemba 1915, Hedwig von Wissmann ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916, na Juni mwaka huo kikosi kikafika Kasanga, ambako Wajerumani walitoroka kwa majahazi usiku. Kwenye vitabu vyetu vita hii ni ya majenerali. Mimi nikiitazama naona pia injini ya cheche ikiikimbiza injini ya kuni. Na kichekesho ni kwamba kabla ya 1914 Uingereza ilikuwa inanunua karibu magneto zake zote kwa Bosch, kwa adui yake wa kesho. Vita ilipoanza ikabidi wajifunze kutengeneza zao haraka haraka.

Turudi kwenye hendeli. Gari lililonifanya nielewe mkono wa babu ni Ford Model T, lililotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, magari milioni 15, na mengine yalifika huku kwetu kwenye vita hiyo hiyo. Mbele ya injini yake kuna kikopo cha duara, ndicho kipanga-saa cha cheche. Ndani kuna kigurudumu kidogo kinachozungushwa na injini, na kwenye ukuta wa kikopo kuna vyuma vinne, kimoja kwa kila silinda. Kigurudumu kikigusa chuma, umeme unakwenda kwenye koili ya silinda hiyo, cheche inaruka.

Utawahisha vipi cheche? Hapo ndipo nilipiga makofi peke yangu chumbani. Huhangaiki na kigurudumu, unazungusha kikopo! Chukua mgeni anayezunguka boma lenye milango minne akibisha hodi kila mlango. Yeye hawezi kubadili mwendo wake. Lakini wewe ukiweza kulizungusha boma kidogo limwendee, atafika mlangoni mapema. Ukilizungusha limkimbie, atachelewa. Kwenye Ford kazi hiyo ilifanywa na kiwenzo upande wa kushoto wa usukani. Juu, cheche inachelewa. Chini, inawahi. Unawasha kikiwa juu, ukishaanza kwenda unakishusha. Dereva akisahau kukipandisha, anayelipa ni aliyeko mbele na hendeli. Ndiyo maana watu walifundishwa kuvuta hendeli kutoka chini kwenda juu, na kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, kisizunguke mpini.

Baadaye wabunifu wakaona dereva asibebeshwe kazi hiyo. Ndani ya distributa wakaweka vizito viwili na springi: injini ikienda mbio vinatanuka kwenda nje na kuwahisha cheche vyenyewe, ikipungua mbio vinarudi. Kiwenzo kikaondoka kwenye usukani. Kila kitabu kinaiita hatua ya maendeleo na mimi sibishi. Ila kuna kitu kilipotea. Vizito vinaongeza tu juu ya pale fundi alipoanzia. Fundi akilegeza nati na kuizungusha distributa nzima (boma lile lile!) kuelekea kuwahi, basi cheche inawahi muda wote, hata wakati wa kuwasha ambapo vizito vimelala. Na dereva hana tena pa kuirudisha. Taimingi imetoka kwenye vidole vyake ikahamia kwenye spana ya mtu aliyebaki gereji.

Na kwa nini fundi wa Sumbawanga awahishe? Kwa sababu tuko juu, wadau. Mji uko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ziwa liko chini yetu kwa zaidi ya mita 1,000. Hewa yetu ina mgandamizo wa kama asilimia 80 ya ule wa Dar. Mchanganyiko ukiwa mwepesi unaungua taratibu, kwa hiyo kuwahisha kidogo ni akili, na si ujinga. Wafipa wa zamani walijua hewa na moto vizuri tu, waliyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo yanayovuta hewa yenyewe bila mivuo. Sasa yule fundi aliwahisha kidogo, au alipitiliza ili mwenye lori afurahi mlimani? Kule kugonga alikokusikia babu kunajibu. Injini inayogonga hivyo baada ya taimingi kuguswa, halafu inarudisha hendeli, mwenzangu wa Fizikia anasema hahitaji kuiona. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani na lori lilishakuwa chuma chakavu kabla mama yangu hajazaliwa. Lakini kati ya uzembe, uchawi na nati iliyokazwa pabaya, mimi nimeshachagua.

Jana jioni nikampigia tena. Nikamweleza polepole, boma, milango minne, mgeni, nati. Nikamwambia babu, ungeshika hendeli vyovyote vile, ingerudi. Pengine ungeumia kidogo zaidi au kidogo pungufu, lakini ingerudi.

Hakusema kitu. Nikasikia anamwita bibi, anamrudishia maneno yote kwa Kifipa, la mgeni na boma akalieleza mara mbili. Halafu akarudi kwenye simu.

"Yule fundi," akasema, "ndiye alinipeleka hospitali. Alinibeba mgongoni. Alikuwa analia kuliko mimi, na mimi nikawa najiuliza huyu analia nini."

Salio likakata hapo.