Neno Lisilojibika: Uchokozi wa Lugha ya Ofisi katika Historia ya Kiwanjani, Isiolo

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuutazama uchokozi wa maneno kama sehemu ya ufundi wa malumbano. Kijembe, fumbo, kejeli na dhihaka vimechambuliwa mara nyingi kama mbinu za utunzi, na mara chache kama matukio ya historia. Makala haya yanashughulikia upande huu wa pili. Yanadai kwamba maneno yaliyowachoma zaidi watu wa Isiolo katika karne ya ishirini hayakuwa matusi ya mtaani bali maneno rasmi, na kwamba ukali wake ulitokana si na maana ya kamusi bali na kukosekana kwa nafasi ya kuyajibu.

Kiwanjani ni mtaa wa mji wa Isiolo, na jina lake lakumbusha kiwanja cha ndege kilicho jirani. Katika mji huu hukutana Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na Kiswahili ndiyo lugha inayowaunganisha sokoni na mtaani. Kwa hiyo ni mahali panapofaa kuuliza swali hili: jirani humkasirisha jirani kwa neno gani, na serikali humkasirisha raia kwa neno gani?

Kuchokoza na Kujibu

Kiswahili hutofautisha viwango vya jambo hili. Utani humruhusu mtu kusema lililo kali bila kuvunja ujirani. Kijembe hurushwa kwa mafumbo ili mrushaji apate kukana. Uchokozi ni kumgusa mtu makusudi mpaka ahamaki. Kitenzi chokoza chakaribiana kwa sauti na kwa taswira na chokoa na chokonoa, yaani kutia kijiti tunduni ili kilichomo kitoke. Uchochezi ni tofauti na hayo yote: mchochezi husukuma kuni motoni ilhali wanaoungua ni wengine.

Utani, kijembe na uchokozi vina sifa moja inayovifunga pamoja: jawabu hutarajiwa. Katika ugomvi wa Mombasa na Lamu, uliofikia kilele katika vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walikuwa miongoni mwa washairi waliozisemea pande hizo mbili. Katika miaka ya 1970, mashairi ya kimondo yalizungumzia uchaguzi wa Lamu kwa desturi hiyohiyo, safari hii yakisambaa kwa kanda za sauti. Aliyetukanwa alikuwa na haki ya ubeti wake. Kejeli ilikuwa kali, lakini ilimtambua mpinzani kuwa ni mtu anayeweza kusema.

“Native”: Neno la Daftari

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wasomali wa koo za Isaaq na Herti waliowahi kuwa askari wa Waingereza walipewa makazi Isiolo. Sheria ya 1919 iliwawezesha baadhi ya Wasomali kutohesabiwa kuwa “native” kwa makusudi fulani. Utata huo ulilipuka katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, serikali ilipopanga kodi ya kichwa kwa madaraja. Waisaaq walidai kuwekwa katika daraja la Waasia, ingawa kodi yake ilikuwa kubwa zaidi. Ni nadra kumwona mlipa kodi anayegombania kulipa zaidi. Fedha, basi, haikuwa kiini cha ugomvi. Walichokipigania ni jina.

Hata hivyo, mhakiki hana budi kuona upande wa pili wa madai hayo. Aliyelikataa neno “native” kwa kuwa linamshusha alikiri pia kwamba linamfaa jirani yake. Hivyo ndivyo neno la ofisi linavyotenda kazi: humchoma mmoja, kisha humfundisha kulitumia dhidi ya mwingine. Serikali ilikuwa mchochezi, si mchokozi tu.

“Shifta”: Neno Lililopoteza Nusu ya Maana

Neno shifta latokana na lugha za Ethiopia. Huko lilimaanisha mnyang’anyi, lakini pia mwasi aliyeingia porini kupinga mamlaka, na heshima haikukosekana katika maana hiyo. Kassa Hailu aliishi kama shifta kabla ya kutawazwa kuwa Mfalme Tewodros wa Pili mwaka 1855. Nchini Kenya neno hilo lilibakishwa nusu moja tu. Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Haji Galma Dido. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba mwaka huohuo, na vita dhidi ya waliotaka kaskazini kujiunga na Somalia viliendelea hadi 1967.

Katika vita hivyo, “shifta” lilikoma kutaja kitendo na likaanza kutaja watu. Mfugaji, mchuuzi na mtoto waliweza kuitwa hivyo kwa sura na makazi yao tu. Waborana wa Isiolo waliwekwa katika vijiji vya kulazimishwa, na mifugo mingi ikaangamia. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali dhidi ya mashtaka kwa vitendo vya tangu tarehe 25 Desemba 1963 hadi tarehe 1 Desemba 1967. Isiolo ilitajwa humo kwa jina. Kwa lugha ya malumbano, upande mmoja ulikuwa umetunga ubeti kisha ukautungia sheria ubeti wa jawabu usiimbwe.

Jawabu lilitafuta njia nyingine. Waborana wa Isiolo hukiita kipindi hicho Daaba, wakati ambapo mambo yalisimama. Katika jina hilo hamna tusi wala mtukanaji. Badala ya kumpa mpinzani jina baya, walizipa zile siku jina lao wenyewe.

Sheria na Mtu wa Kawaida

Kanuni ya Adhabu iliyoletwa na wakoloni mwaka 1930 ilikubali kwamba uchokozi waweza kupunguza kosa la kuua kukusudia. Kipimo chake ni mtu wa kawaida wa jamii anayotoka mshtakiwa. Hapo sheria ilikiri jambo ambalo mhakiki hulijua: neno haliudhi peke yake, huudhi ndani ya jamii yenye kumbukumbu. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu uwiano na utangamano wa kitaifa ilipiga marufuku matamshi ya chuki ya kikabila. Lakini zote mbili humtazama zaidi msemaji mmoja aliyehamaki au aliyekusudia chuki. Fomu haihamaki, na karani anayeijaza hahitaji kumchukia mtu.

Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walitakiwa kuthibitisha uraia wao katika zoezi maalumu la mchujo. Kwa miaka mingi baadaye, vijana wa kaskazini walioomba kitambulisho waliendelea kupigwa msasa, mpaka Rais William Ruto alipotangaza Februari 2025 kwamba utaratibu huo umekomeshwa. Istiara yenyewe yastahili uhakiki: msasa hupigwa mbao iliyoparuza. Kabla kijana hajasema lolote, neno limekwisha kuamua kwamba ana ukwaru.

Hitimisho

Uhakiki wa uchokozi katika Kiswahili hautakamilika iwapo utaishia kwenye vijembe vya washairi. Jirani wa Kiwanjani anayetukanwa kwenye ua hujibu, na mara nyingi jioni hiyohiyo watu huwapatanisha. Aliyeandikwa “native”, aliyeitwa shifta na aliyepangwa foleni ya msasa hakuwa na ua wa kusimama. Kipimo cha neno baya, basi, kisiwe ukali wake pekee. Kiwe pia nafasi linayomwachia anayeambiwa.