Muntu wa Furaha: Sifa ya Uchangamfu katika Kiswahili cha Kolwezi

Mwanafunzi anayetafsiri kivumishi cha Kiingereza "cheerful" hupata katika kamusi maneno kama -changamfu, -kunjufu na -enye bashasha. Hayo ni maneno ya Kiswahili sanifu, na aghalabu huanzia katika jambo linaloonekana: mchangamfu ni mtu aliyechangamka; uso mkunjufu ni uso uliokunjuka. Kule Kolwezi na katika ukanda wa shaba wa Lualaba, njia iliyozoeleka ni nyingine. Msemaji husema "niko na furaha" kwa hali ya wakati huo, na "muntu wa furaha" kwa tabia ya kudumu. Wapo waonao humo dalili ya lugha iliyopungukiwa na vivumishi. Makala haya yanapinga rai hiyo.

Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilifika hadi Bunkeya, makao ya Msiri aliyeuawa mwaka 1891. Hata hivyo, migodi ndiyo iliyokipa Kiswahili cha Katanga nguvu yake. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Rhodesia ya Kaskazini na kwingineko. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu Kiswahili katika Kongo ya Wabelgiji, alionyesha jinsi vitabu vya mafunzo vya enzi hiyo vilivyoelemea mahitaji ya kazi na amri. Bwana anayeamuru hana haja kubwa ya maneno ya moyo. Hivyo basi, aliyekipima Kiswahili hicho kwa vitabu hivyo alipima haja za bwana, wala si fikra za wasemaji.

Ushahidi wa fikra hizo upo Kolwezi penyewe. Katika miaka ya 1950, kwenye misheni ya Ruwe, padri Placide Tempels pamoja na wachimbaji na wake zao walianzisha Jamaa. Mafundisho yake yalisimama juu ya nomino tatu: uzima, uzazi na mapendo. Juu ya nomino hizo watu wa migodini walijenga elimu nzima ya utu.

Aidha, lugha za Kibantu kwa jumla zina vivumishi halisi vichache. Hata pwani tunasema "mtu wa dini" na "mtu wa watu", na hakuna anayeona upungufu. "Muntu wa furaha" ni mjengo uo huo.

Wala maneno haya hayabadilishani nafasi kila mahali. Muuza duka aliyefiwa aweza kuwa mchangamfu mbele ya wateja, ilhali siku hiyo hana furaha. Mwalimu anayeifuta "muntu wa furaha" na kuandika "mchangamfu" hudhani amesahihisha lahaja, kumbe amebadili maana. Kamusi zetu ziyaandike yote mawili, na kila moja lielezwe kwa matumizi yake.