TIBA YA SINDANO ZA KICHINA (AKUPANCHA): MAMBO YA KUJUA KABLA HUJAPANDA KITANDANI

Kuhusu tiba ya sindano za Kichina maswali ni yale yale kila siku: inauma? Inatibu nini? Na je, ni salama? Hebu tuyachambue moja moja, ili anayeamua kwenda aende akijua, na anayeamua kubaki abaki akijua.

NI KITU GANI HASA?

Akupancha ni tiba ya jadi ya China. Mtaalamu anachoma sindano nyembamba sana kwenye sehemu maalumu za mwili. Vitabu vyao vya jadi vinataja sehemu 361. Sindano hizi siyo kama zile za hospitali. Hazina tundu, hazina dawa ndani, na unene wake kwa kawaida ni kama robo ya milimita. Kwa hiyo usichanganye na hijama au chuku, maana huko unachanjwa na damu inatolewa. Huku damu haitafutwi, ingawa tone moja linaweza kutoka.

Wachina wa kale walisema sindano inafungua njia za nguvu inayozunguka mwilini. Sayansi haijaziona njia hizo. Inachoona ni kwamba sindano inaamsha neva, na ubongo unatoa kemikali zake zenyewe za kupunguza maumivu. Tanzania Bara imekuwa ikipokea timu za madaktari kutoka China tangu 1968, kwa hiyo tiba hii siyo ngeni sana nchini. Mwaka 2010 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

INASAIDIA NINI?

Zaidi ni maumivu ya muda mrefu: mgongo, shingo, mabega, magoti na kichwa. Yaani yale ya mama aliyeinama miaka thelathini kwenye kibanja, au kijana wa bodaboda anayeshinda amekaa. Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 39 yenye wagonjwa karibu 21,000. Waliochomwa walipata nafuu zaidi kuliko wasiochomwa. Lakini walipolinganishwa na waliochomwa "kiini macho" bila wao kujua, tofauti ilikuwa ndogo. Maana yake sehemu ya nafuu inatokana na kuhudumiwa, kupumzika na kuwa na matumaini. Siyo vibaya, ila usiuziwe kama muujiza.

Haitibu malaria, UKIMWI, kifua kikuu, kisukari, presha wala saratani. Hapa ndugu zangu tuwe wakali. Tunakumbuka 2011 jinsi watu walivyomiminika Loliondo kunywa kikombe cha Babu, na wapo walioacha ARV wakaumia. Mtu yeyote akikuambia "acha dawa za hospitali, sindano zinatosha", chukua viatu vyako uondoke.

SINDANO IWE MPYA, HAKUNA MJADALA

Kagera haihitaji kufundishwa habari ya damu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu 1983, wakati huo watu wakiuita Juliana. Mwaka 2023 tukapata Marburg Bukoba Vijijini. Sindano iliyotumika kwa mwingine inaweza kuleta virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B. Kuipangusa kwa spiriti hakutoshi.

Kwa hiyo sema kwa heshima: "Daktari, naomba ufungue pakiti nikiona." Pakiti iwe imezibwa na tarehe haijapita. Mtaalamu anawe mikono. Sindano zikitoka ziende kwenye boksi gumu la taka za ncha kali, siyo kwenye sahani kusubiri mgonjwa anayefuata. Mtaalamu mzuri hatachukia ukiuliza. Akichukia, umeshapata jibu.

MWAMBIE HAYA KABLA HAJAANZA

- Kama una mimba au unahisi unayo. Kuna sehemu ambazo wengi wanaziepuka kwa mjamzito.
- Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mfano warfarin, au ukijikata damu huchelewa kukata.
- Kama umewekewa kifaa cha umeme cha moyo. Wengine huunganisha sindano na umeme mdogo, na kwako hiyo hapana.
- Kama una kisukari au ganzi miguuni, maana hutasikia vizuri, na kidonda kinaweza kuchelewa kupona.
- Dawa zote unazotumia, pamoja na za mitishamba.

SIKU YENYEWE

Usiende na njaa. Kula ndizi zako, kunywa maji, vaa nguo pana inayopandishika mpaka gotini na kwenye kiwiko. Omba kulala badala ya kukaa, kwa sababu wengine huzimia mara ya kwanza. Sindano huwa 5 mpaka 20 hivi, na zinakaa dakika 20 hadi 30. Utasikia kama umeng'atwa na sisimizi, halafu uzito au kufa ganzi kidogo. Maumivu makali ya kuchoma siyo kawaida, sema hapo hapo. Usijigeuze zikiwa mwilini. Zihesabu zikiingia na zikitoka, kwa sababu kuna sindano husahaulika.

Ukimaliza unaweza kusikia usingizi au kizunguzungu. Kaa kidogo kabla ya kupanda pikipiki. Alama ndogo ya damu kuvilia ni kawaida.

LINI UKIMBILIE HOSPITALI?

Kama ulichomwa kifuani, begani au mgongo wa juu, halafu baadaye ukapata maumivu ya kifua au pumzi ikabana, hata kama ni saa kadhaa zimepita, nenda hospitali mara moja. Inawezekana sindano imegusa pafu. Hutokea kwa nadra, lakini inaua. Pia kama palipochomwa panavimba, pana joto au panatoa usaha.

Na kuna ambao hawatakiwi kuanzia kwenye sindano kabisa. Mgongo unaouma pamoja na homa na kukonda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mgongo pamoja na miguu kulegea au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura. Mdomo kupinda ghafla au upande mmoja kuishiwa nguvu inaweza kuwa kiharusi, na huko kila saa ina thamani. Kichwa na homa, pima malaria kwanza. Hao wote waanzie hospitali.

KIBALI NA HELA

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga na vituo vyao. Omba kuona cheti, cha mtu na cha kituo. Bango kubwa la Kichina barabarani siyo cheti.

Mara moja haitoshi, wengi hupangiwa mara 6 mpaka 12. Piga hesabu ya zote, na nauli yako ya kutoka Nshamba au Kamachumu. Usilipe zote kwa mkupuo. Lipa kila unapokwenda, na kama mara ya sita imepita hujaona tofauti yoyote, acha. Uliza pia fiziotherapia hospitalini, maana kwa mgongo na magoti mazoezi yanasaidia, na ukishafundishwa unayafanya nyumbani bure.

Mwenye mzazi anayepelekwa huko wiki hii, amsomee haya kwanza. Na kama mzee haoni vizuri, nenda naye ukakague hizo pakiti wewe mwenyewe. Karibuni kwa maswali, wadau.