Ruhusa ya Kuona Bahari

Hakukuwa na harusi. Hakukuwa na mgonjwa wala mazishi. Tulitoka Kutulo kwenda Lamu kutembea tu, na hilo ndilo majirani walishindwa kuelewa. "Kutembea? Mpaka Lamu?" Nilikuwa nimelipwa makala tatu kwa mpigo, jambo ambalo halikuwa limenitokea tangu niache chuo, na ayeeyo, nyanya yangu mzaa mama, hakuwa ameona bahari maishani mwake.

Kutulo iko kwenye barabara ya Wajir kwenda Mandera. Unashuka Wajir, Garissa, unavuka Tana, unapita Hola, Garsen na Witu mpaka Mokowe, halafu boti. Ni mbali, sawa, lakini ayeeyo alikulia kwa watu wanaohama na ngamia. Umbali haukuwa shida.

Shida ilikuwa karatasi. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 iliwapa Waingereza uwezo wa kufunga wilaya nzima, mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Hivyo ndivyo kaskazini yetu, waliyoiita NFD, ilivyofungwa. Mwaka 1934 wakaongeza sheria nyingine, ya kuwabana watu ndani ya malisho waliyopangiwa. Uhuru ulipokuja tulikaa nao siku 16 tu. Tarehe 28 Desemba 1963 serikali mpya ikatangaza hali ya hatari kwetu, vita vya Shifta vikapamba moto, na hali hiyo haikuondolewa mpaka Novemba 1991. Karibu miaka 28. Ayeeyo alizaa watoto wake wote ndani ya hali ya hatari.

Njiani, kwenye kizuizi kimoja, askari aliomba vitambulisho. Ayeeyo alitoa chake, kisha akatoa kitu ambacho hakuna aliyemwomba: kadi ya pinki iliyofungwa kwa nailoni. Ni zile walizopewa Wasomali wa Kenya baada ya msako wa 1989, walipopangwa foleni na kuchujwa ili ijulikane nani ni Mkenya. Askari alikuwa kijana wa rika langu. Aliigeuza, akaigeuza tena.

"Hii ni ya nini, shosho?"

Hata mimi sikuwa na jibu fupi.

Lamu haina haraka. Punda ndio wenye njia, na saa za mchana mji mzima unajificha kivulini. Tulifika kwenye ule uwanja mbele ya ngome. Nikamwambia ayeeyo kwamba ngome hiyo ilimalizika kujengwa 1821, na kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza. Siku hizi ni makumbusho.

"Ingieni nyinyi," alisema kwa Kisomali. "Mimi nimeshakaa jela."

Hajawahi kufungwa hata siku moja.

Tulipotoka nilimkuta akipiga gumzo na mzee mmoja Mbajuni, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Mzee alikuwa akimweleza vile wazazi wake walivyokimbia kijiji chao cha bara, kaskazini ya Lamu, wakati wa Shifta. "Twaliacha mashamba, dadangu, twaliacha na visima."

Nikasimama pale kama mjinga. Mimi niliichukulia Lamu kuwa mji wa picha za watalii, na machungu hayo nikidhani ni yetu peke yetu. Lakini kuna sheria ya 1970 iliyowakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa waliyotenda miaka hiyo. Inataja maeneo kwa majina: Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River. Na Lamu. Niliisoma nikiwa chuoni. Hilo jina la mwisho nililiruka tu.

Jioni tulipanda boti hadi Shela. Ayeeyo alivua viatu, akainama, akachota maji kwa kiganja na kuyaonja, vile anavyopima kisima kigeni. Akatema.

"Chumvi," alisema. "Ngamia wangeyapenda."

Kisha akavua mkoba wake, ule wenye kadi, akanipa nimshikie. Akainua dirac yake kidogo na kuingia majini mpaka magotini.

Tulimngoja mpaka giza likaingia.